Kikundi chetu cha taarab kinatoka Tanga kwenda Mombasa, tufanyeje safari isiishie stejini tu?

kijana_wa_ngamiani

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Naomba mawazo yenu. Mi niko kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga, tuko kumi na wanne, wengi vijana, mwalimu wetu ni mzee mmoja anapiga udi na fidla na yeye ndo anatushikilia wote. Sasa tumealikwa na wenzetu wa Mombasa, Mji wa Kale, siku nne. Kuna harusi mbili tutapiga halafu siku ya mwisho onyesho la wazi. Nauli tumeshachanga na pa kulala wenyeji wamesema watatupa.

Kinachonisumbua sio hela. Mwaka juzi tulipelekwa tamasha moja nje ya nchi, likaitwa mabadilishano ya utamaduni, kwenye bango imeandikwa kabisa kwa herufi kubwa. Tumefika saa nne asubuhi tumekaa kwenye viti vya plastiki mpaka saa kumi jioni, hotuba juu ya hotuba, tukapewa dakika kumi na tano, wimbo wa pili haujafika kibwagizo emsii anatuonyesha saa yake. Tukapiga picha na wageni rasmi, tukapewa fulana, tukapanda basi tukarudi. Hakuna mtu aliyetufundisha kitu na sisi hatukumfundisha mtu.

Isipokuwa jambo moja. Wakati tunasubiri, uzi mmoja wa udi wa mwalimu ukakatika na wa akiba hatuna. Mzee mmoja wa kikundi cha wenyeji, jina lake silijui mpaka leo, akaja akakaa na sisi kwenye benchi, akatoa mfukoni kijibahasha cha karatasi kina nyuzi, akaufunga mwenyewe, akawa anaukaza polepole sikio kalilaza kwenye tumbo la udi maana spika zilikuwa zinapiga kelele. Ulipokaa sawa hakumrudishia mwalimu hapo hapo, alipiga kwanza kipande kifupi tu. Mwalimu akamwambia rudia. Akarudia. Mi nimepiga magoti pale chini naangalia vidole, nikaona kidole cha mwisho hakishuki moja kwa moja kwenye sauti, anaanzia juu kidogo halafu anakiburuta mpaka kinatua. Sisi miaka yote tulikuwa tunaruka hapo. Robo saa tu, lakini mpaka leo ile nyimbo tunaipiga hivo na watu wanatuuliza mmejifunzia wapi.

Kwa hiyo naomba waliowahi kwenda na kurudi, watu wa Mombasa, watu wa Tanga, yeyote yule: tufanye nini ili siku nne zote ziwe kama ile robo saa? Na la pili, mpakani na vyombo vyetu tujiandae vipi, maana tuna udi mbili, fidla, akodiani, kibodi, bezi, dumbaki na ngoma.

---

binti_kibokoni

Marahaba, karibuni sana mwanangu. Mimi ni wa Mombasa, nimezaliwa na kukulia humo humo Mji wa Kale, na harusi nilizokaa mkekani sina idadi.

Nianze na hili kabla sijasahau. Msije mkatupigia vitu vya kibodi kitupu vile vya kujibizana na kupigana vijembe, mkidhani ndivyo tutakavyo. Hivyo tunavisikia kila siku kwenye simu. Sisi tukisema Tanga tunakusudia ile taarab ya gitaa, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star. Mama yangu alikuwa akimsikia Shakila redioni anaacha chungu jikoni, na nakwambia chungu kimeungua si mara moja. Ile sauti ya bezi inatembea chini pole pole halafu Bi Shakila anaingia kama hana haraka na mtu, hiyo ndiyo Tanga tunayoijua sisi. Kama mwalimu wenu bado ana nyimbo za namna ile kichwani, leteni hizo.

La pili ni maneno. Hadhira ya Mombasa inasikiza shairi. Mizani ikipungua moja, kuna mzee mahali atatikisa kichwa. Watu hapa wamelelewa kwenye mashairi ya kina Ahmad Nassir, na Juma Bhalo alipokuwa akiimba ukumbi ulikuwa unanyamaza watu washike ubeti. Hata tungo za kihindi alizokuwa akizipachika maneno ya Kiswahili, maneno yenyewe yalikuwa yamepimwa. Basi ningekushauri hivi, mwombe mwenyeji wenu akupatieni shairi moja la Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, ambalo halijatiwa sauti, nyinyi mlitie sauti ya Kitanga, na wao muwape shairi la kwenu walitie sauti ya Mombasa. Zipigwe zote mbili siku ya mwisho. Mtagombana kidogo kwenye matamshi, maana sisi tutasema mato na kitwa nanyi mtataka macho na kichwa na vina vitaharibika, na hapo kwenye kugombana ndipo mtakapokaa pamoja mpaka usiku.

Na wasichana wenu wasikae ukumbini tu, waje upande wa wanawake. Nyanya yangu alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, zamani Mombasa vilikuwepo vyama vya wanawake kama Ibinaal Watan na Banu Saada vikishindana kwa ngoma na nguo na nyimbo, mji mzima unagawika. Wako mabibi wachache bado wanazijua zile nyimbo, lakini hawatazisema mbele ya spika wala mbele ya wanaume. Watazisema jikoni wakichambua mchele. Msichana akae naye amsaidie kazi, atatoka na nyimbo tatu.

---

mzee_wa_makorora

Nimesoma nikaona lazima niandike ingawa kuandika kwenye simu kunanichosha macho.

Mimi ni wa Tanga, ujana wangu nilikuwa mbeba ampi wa bendi, sio mpigaji, mbeba vyombo tu, lakini mbeba vyombo anaona yote. Vijana wa leo wanaongea habari ya mabadilishano kama kitu kipya cha wafadhili. Tanga na Mombasa hazijawahi kuacha kubadilishana. Hata beni, ile ngoma ya tarumbeta na gwaride ambayo babu zetu walicheza huku wakajigawa Marini na Arinoti, ilianzia pwani ya huko kwao, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikateremka na pwani mpaka kwetu na ikaenda bara mbali sana. Sisi tukaja kuwarudishia magitaa. Black Star walipoingiza gitaa na bezi kwenye taarab miaka ya 60, Mombasa nao wakasikia wakachukua, wakaongeza na ya kwao, kina Matano Juma, kina Zuhura Swaleh na ile taishokoto, chombo cha nyuzi chenye vitufe kama taipureta.

Na dansi ndo usiseme. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walitokea hapa hapa Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, mwanzoni mwa miaka ya 70 wakavuka wakaingia Mombasa, ndo ikawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji wakajitoa wakaunda Les Wanyika. Mpaka leo mtu wa Nairobi anakwambia hao ni wetu na mtu wa Tanga anakwambia hao ni wetu, na wote wawili wanasema kweli, maana Kiswahili kile ni cha huku na ule mdundo umeiva kule. Kulikuwa na sababu pia ya wanamuziki kuelekea kule, Nairobi kulikuwa na studio na mitambo ya kutoa santuri, sisi huku ulikuwa unarekodi Radio Tanzania, wimbo unapigwa nchi nzima lakini santuri mkononi huna. Ukitaka sahani yenye jina lako ilibidi upande basi.

Sasa nataka vijana mjue hili. Februari 1977 mpaka ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba. Waliokuwa kule wakabaki kule, wengine walikuwa wamekwenda kupiga miezi mitatu tu. Nakumbuka mpigaji mmoja wa kwetu, mama yake alikuwa anakaa na redio usiku anatafuta stesheni ya Kenya asikie tu gitaa la mwanawe, na akilisikia anasema ni yeye huyo, mzima. Hakuna aliyembishia. Mama alifariki mpaka ukiwa bado haujafunguliwa.

Wadigo wao waliendelea kupita, kwa sababu nusu ya ukoo uko Kwale na nusu uko huku Mkinga, msiba ukitokea Vanga mtu wa Jasini atasubiri serikali mbili zielewane? Kwa hiyo ngoma zao hazikukatika hata mwaka mmoja. Dansi ndiyo iliyokatika, kwa sababu ilikuwa inapita barabarani na inagongewa muhuri.

Mkifika huko waulizeni wazee nani alikaa kwao miaka ile. Kuna watu wa Tanga wamezikwa Mombasa na huku hatujui.

---

suka_wa_horohoro

Mambo vipi. Mi naendesha hiyo njia Tanga Mombasa, nimeshabeba vikundi vya ngoma, kwaya, bendi, timu za mpira, kila kitu, kwa hiyo mi nakujibu la mpakani.

Kwanza karatasi. Kila mtu awe na pasi ya kusafiria au hati ya dharura, mwanachama mmoja akikosa basi zima linasubiri. Barua ya mwaliko ya wenyeji iwe na mhuri, majina yote kumi na nne yameandikwa kama yalivyo kwenye pasi, sio jina la stejini. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha kwenda kufanya sanaa nje msiache mpaka wiki ya mwisho. Na kama harusi hizo mnalipwa, wenyeji wenu waende uhamiaji wa kwao mapema wakaulize mnatakiwa kuingia kwa kibali gani, msije mkaingia kama wageni wa matembezi halafu mabango yamezagaa kila mahali mnapiga kwa kiingilio.

Vyombo ndo kwenye kazi. Tengeneza orodha, kila chombo jina lake, rangi, namba yake kama ipo, thamani, na picha. Toa kopi nne. Wakati wa kutoka nenda forodha upande wetu uombe wakugongee ile orodha kwamba vyombo hivi vimetoka Tanzania na vinarudi, hata kama hakuna aliyekuuliza. Kuna kikundi nilishawahi kubeba hawakufanya hivo, wakati wa kurudi wakaambiwa kibodi mmenunua Kenya lipieni ushuru, tumekaa pale kuanzia saa tisa mchana mpaka usiku mama mmoja ana mtoto mchanga, wakaja kutolewa kwa picha ya harusi ya mwaka uliopita kwenye simu inayoonyesha kibodi ile ile ina stika ile ile. Sitaji ni mpaka gani, lakini jifunzeni.

Ngoma zenu zimewambwa ngozi gani? Kama ni mbuzi au ng'ombe haina shida. Kama ni kenge acheni nyumbani kabisa, hiyo ni nyara na inataka vibali vyake.

Halafu udi msiweke kwenye buti la chini. Nimeona udi umefunguka mgongo kwa ajili ya joto na mtikisiko. Upakatwe kama mtoto. Na mkifika kule mkitaka kukwepa foleni ya feri ya Likoni, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inazunguka, ila ni ndefu kidogo, kama mmefika sio saa za watu kutoka kazini feri ni sawa tu.

---

mcheza_sindimba

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha mada kuhusu matamasha. Mi nimecheza ngoma kwenye kikundi miaka mingi na nimeshiriki JAMAFEST, lile tamasha la Afrika Mashariki lililoanza Kigali 2013, likaenda Nairobi 2015, Dar 2019 halafu Bujumbura 2022. Ni kweli hotuba zipo na kusubiri kupo. Lakini mi nisingewahi kukaa meza moja na mpiga ngoma wa Burundi kama sio tamasha, nauli ya kwenda kumtafuta ningetoa wapi. Dar 2019 kuna Warundi walikuwa wanafanya mazoezi nyuma ya jengo asubuhi kabla watu hawajaja, mi nilikuwa naamka saa kumi na moja naenda kukaa pale tu. Siku ya tatu mmoja akanipa vijiti, hatuna lugha ya pamoja zaidi ya Kiswahili chake cha kuungaunga, akanishika kiwiko akakirudisha nyuma, kumbe nguvu ya kupiga mi nilikuwa naitoa mkononi yeye anaitoa begani.

Kwa hiyo ndugu yangu usikatae steji, onyesho la wazi lipigeni vizuri, ndo litafanya mwakani mtu awalipie basi. Ila amka mapema. Mazoezi ya wenyeji ndo pa kwenda, omba ratiba ya mazoezi yao hata kabla hujaomba ratiba ya harusi.

---

fundi_wa_kanda

Mi nina jambo fupi ila naliona zito. Nyimbo zimevuka huu mpaka miaka yote na majina ya watunzi yamebaki upande wa pili. Baba yangu alikuwa na duka la kanda, nimekua nikiona kaseti ina wimbo ninaoujua ni wa mtu wa Tanga, kwenye karatasi ya nje limeandikwa jina la mtu mwingine kabisa, na kinyume chake pia, za Mombasa zikiuzwa huku bila jina la mtu. Mtunzi mmoja mzee nilikuwa namfahamu alikuwa akisikia wimbo wake dukani anasimama mlangoni mpaka uishe halafu anaondoka bila kusema neno. Mi nilikuwa mdogo, sikuelewa mpaka nilipokuwa mkubwa.

Kwa hiyo lile shairi la kubadilishana alilosema dada wa Kibokoni ni zuri sana, ila andikeni kabla ya kuanza: maneno ya nani, sauti ya nani, nani kaimba, nani kapiga, tarehe, mahali. Pande zote mbili zitie saini, kisha mkasajili, nyinyi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huku, na wao kwa bodi yao ya hakimiliki kule. Na kabla ya kurekodi mzee yeyote kwenye simu muombeni ruhusa, mkimaliza mumwachie nakala yake. Vijana wengi wanarekodi wanaondoka, mzee hajawahi hata kujisikia.

---

kijana_wa_ngamiani

Dah nimesoma zote mara mbili, na jana usiku nimemsomea mwalimu kwa sauti. Ya mzee wa Makorora ameniambia nisimame niirudie, kumbe na yeye ana kaka yake wa baba mmoja alivuka na bendi mwaka 1976 hakurudi, walipata barua moja tu mwaka 1984 imetoka Mombasa, Majengo, halafu kimya. Miaka yote niko naye hajawahi kutuambia. Ameitoa hiyo barua kwenye sanduku la fidla.

Tumebadilisha ratiba. Tunaondoka siku mbili mapema ili hizo siku mbili tusipige popote, tukae kwenye mazoezi yao tu. Nimeongea na mwenyeji kwa simu, amekubali kila mmoja wetu alale nyumba ya mpigaji wa chombo kama chake, wa udi kwa wa udi, wa dumbaki kwa wa dumbaki. Shairi la kubadilishana amelifurahia mpaka akacheka, amesema analo moja la marehemu mjomba wake, halijawahi kuimbwa. La kwetu mwalimu amesema atachagua mwenyewe tusimharakishe.

Orodha ya vyombo nimeanza leo, ngoma moja kweli ni ya kenge, inabaki. Tunawamba nyingine ya mbuzi wiki hii.

Dada wa Kibokoni, wasichana wetu ni wanne, wawili wanaimba, mmoja anapiga fidla, mmoja anapiga rika, ile tari ndogo. Naweza kukuomba uwatafutie hao mabibi uliowasema? Na waje na nini mkononi, maana hatutaki kwenda mikono mitupu na hatujui huko desturi ikoje.

---

binti_kibokoni

Nimeshaongea na mmoja, yuko nyuma ya nyumba yetu, umri umemwenda lakini sauti ipo. Amesema waje wawili wawili, si wanne pamoja, na waje baada ya asri akishapumzika. Waje na leso, doti moja ya huko kwenu yenye jina zuri, si ya mafumbo ya ugomvi, na kahawa kidogo. Wasimwulize kuhusu nyimbo siku ya kwanza. Wakae wamsaidie, akianza kuimba mwenyewe wamwitikie.

Na mwambie mwalimu aje na ile barua. Majengo ninakujua, wazee wa bendi waliobaki kule hawazidi wachache na wote wanakaa baraza moja kila magharibi. Nitampeleka mwenyewe.